Moyo haupelekewi umeme kutoka ubongoni

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua ili nisahihishe jambo ambalo limekuwa likijirudia katika kurasa zako za afya, na ambalo nimeliona tena katika makala mbili zilizofuatana hivi karibuni. Ya kwanza ilieleza kwamba moyo hupiga kwa sababu ubongo huupelekea umeme kupitia mishipa ya fahamu, kama taa inavyopata umeme kutoka nguzoni, na ikaambatanishwa na mchoro wa moyo wenye waya uliochomekwa plagi ukutani. Ya pili, iliyozungumzia mtu aliyeanguka ghafla na kufariki, ilitumia maneno "mshtuko wa moyo" na "moyo kusimama" kana kwamba ni kitu kimoja chenye majina mawili. Nimefundisha fiziolojia kwa miaka mingi, na kwa maoni yangu makosa haya mawili ni ndugu wa tumbo moja, kwa kuwa asiyejua umeme wa moyo unatoka wapi hawezi kujua unavyoharibika.

Nianze na suala la ubongo. Moyo wa chura ukitolewa kifuani na kuwekwa katika maji yenye chumvi zinazofaa huendelea kupiga kwa muda mrefu, ilhali hakuna mshipa wa fahamu hata mmoja unaoufikia. Kwa binadamu ushahidi ulionekana mbele ya dunia nzima tarehe 3 Desemba 1967, pale Christiaan Barnard na wenzake walipopandikiza moyo wa mtu mmoja katika kifua cha mwingine mjini Cape Town. Mpasuaji anayepandikiza moyo huunga mishipa ya damu, lakini mishipa ya fahamu iliyokatwa haiungi, na moyo huo hupiga vizuri tu katika kifua kigeni. Kinachobadilika ni kasi. Moyo usioguswa na mishipa ya fahamu hupiga takribani mara 100 kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo 70 hivi, kwa sababu mshipa wa fahamu uitwao vagasi, unaotoka ubongoni, huuzuia muda wote usikimbie. Ubongo, kwa hiyo, umeshika hatamu tu; miguu ni ya farasi mwenyewe.

Sasa umeme huo ni wa namna gani? Umeme unaowasha taa ni mwendo wa elektroni ndani ya waya. Moyoni hakuna waya. Kinachotembea ni ioni, yaani chembe za chumvi zilizoyeyuka katika maji zikiwa zimebeba chaji, na zenye kazi kubwa kupita zote ni tatu, sodiamu, potasiamu na kalsiamu, ambazo zote zina chaji chanya. Safari yake ni fupi mno, nayo ni kuvuka utando wa seli kutoka nje kwenda ndani au kutoka ndani kwenda nje. Kinachoenea moyo mzima ni taarifa, mfano wa habari inayonong'onezwa sikio hadi sikio katika msururu wa watu, ambapo hakuna anayeondoka mahali pake na bado habari hufika mwisho wa msururu.

Msingi wa kila kitu ni tofauti ya chumvi kati ya ndani na nje ya seli. Nje kuna sodiamu nyingi, takribani milimoli 140 kwa lita (milimoli ni kipimo cha wingi wa chembe), na ndani kuna 10 hivi. Potasiamu ni kinyume chake, takribani 140 ndani na 4 tu nje. Kalsiamu iliyo huru ndani ya seli iliyopumzika ni haba kiasi kwamba ile ya nje huizidi karibu mara 10,000. Tofauti hizi hulindwa na pampu zilizojengwa ndani ya utando wenyewe, na iliyo maarufu ni ile iliyotambuliwa na Jens Skou wa Denmaki mwaka 1957, ambayo ilimpatia Tuzo ya Nobel miaka 40 baadaye. Kila inapozunguka, pampu hiyo hutoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2, na malipo yake ni nishati ya ATP, kemikali inayobeba nishati ya seli, ambayo seli huitengeneza kwa kutumia oksijeni. Naomba msomaji aishike habari hii ya oksijeni, maana nitairudia.

Wanafunzi wangu wengi hudhani kwamba pampu ndiyo inayozalisha umeme wa seli moja kwa moja. Mchango wake wa moja kwa moja ni mdogo. Seli inapopumzika, utando wake huruhusu potasiamu kupita kwa urahisi kuliko ioni nyingine, hivyo potasiamu huvuja kutoka ndani ambako imejaa kwenda nje ambako ni chache, na kila ioni inayotoka huondoka na chaji chanya na kuuacha upande wa ndani ukiwa hasi zaidi. Uhasi huo nao huanza kuivuta potasiamu irudi, hadi mvuto na mvujo vinapokaribia kulingana, na hapo ndani ya seli ya ventrikali, yaani chumba cha chini cha moyo, huwa na milivolti 90 hivi chini ya nje. Mtu anaweza kuzidharau milivolti 90, kwa kuwa hata betri ndogo ya saa huzishinda mara nyingi. Lakini utando wenyewe una unene wa nanomita 8 hivi, na ukigawa volti hizo kwa unene huo utapata zaidi ya volti milioni 10 kwa kila mita. Protini zilizokaa ndani ya utando huishi katika nguvu hiyo ya kutisha, na ndiyo sababu badiliko dogo la milivolti chache hutosha kuzikunja au kuzikunjua na kufungua au kufunga milango ya ioni.

Pigo lenyewe huanza pale chaji kutoka seli jirani inapoupandisha utando hadi karibu milivolti 70 chini ya sifuri. Hapo milango ya sodiamu hufunguka kwa pamoja, sodiamu humiminika ndani, na katika muda wa milisekunde moja au mbili hali hugeuka, ndani kukawa chanya kwa milivolti 20 au 30. Milango hiyo haingoji kuambiwa ifunge, kwa kuwa kila mmoja una kizibo chake kinachoingia mahali pake mara moja, na hautaweza kufunguka tena mpaka utando urudi karibu na hali ya mapumziko.

Hadi hapa seli ya moyo haitofautiani sana na seli ya mshipa wa fahamu. Tofauti inakuja baada ya hapo. Katika mshipa wa fahamu umeme hurudi chini ndani ya milisekunde moja au mbili, na mambo yamekwisha. Katika seli ya ventrikali umeme hushuka kidogo, kisha hubaki juu kama mtu aliyefika kwenye uwanda wa mlima, kwa milisekunde 200 na zaidi. Katika muda huo kalsiamu huingia polepole kupitia milango yake, potasiamu hutoka kwa kiasi kinachokaribiana na hicho, na mikondo hiyo miwili hushikana kama watu wanaovutana kamba bila mshindi. Jambo linalonistaajabisha hadi leo ni kwamba baadhi ya milango ya potasiamu iliyokuwa wazi wakati wa mapumziko hujifunga umeme wa utando unapopanda, hivyo seli haihitaji kuingiza kalsiamu nyingi ili kubaki juu. Mwaka 1960 Denis Noble wa Uingereza alizikokotoa hesabu za mikondo ya namna hii kwa kompyuta kubwa ya wakati ule, na pigo la moyo likajitokeza katika hesabu kabla ya mtu yeyote kuweza kuuchunguza mlango mmoja mmoja wa ioni.

Kalsiamu inayoingia wakati huo ndiyo kiungo kati ya umeme na msuli. Kiasi kinachoingia kutoka nje ni kidogo na peke yake hakingetosha, ila hugusa milango ya ghala la kalsiamu lililomo ndani ya seli, nalo hufunguka na kumwaga kalsiamu nyingi zaidi. Kalsiamu hiyo hushika protini iitwayo troponini, nyuzi za msuli huachiwa nafasi ya kushikana na kuvutana, na seli hujikunja. Kisha pampu nyingine huirudisha kalsiamu ghalani, sehemu yake hutolewa nje kwa kubadilishana na sodiamu, na msuli hulegea. Aliyetufungulia mlango huu ni Sydney Ringer wa London. Mwaka 1882 aliandika kwamba moyo wa chura huendelea kupiga katika maji yenye chumvi alizozitaja. Baadaye aligundua kwamba maji yaliyotumika katika maabara yake hayakuwa yamekenekwa, bali yalikuwa ya bomba, yenye kalsiamu ndani yake. Alipotumia maji safi yaliyokenekwa, mapigo yalififia na kukoma. Alipoongeza kalsiamu, yakarudi. Namtaja Ringer kwa makusudi, Mhariri, kwa sababu mwaka uliofuata alichapisha masahihisho yake waziwazi, na hayo masahihisho ndiyo yanayokumbukwa.

Uwanda huo mrefu una faida nyingine. Kwa kuwa milango ya sodiamu hubaki na vizibo vyake kwa muda wote umeme ukiwa juu, seli ya moyo haiwezi kuamshwa upya mpaka msuli uwe umekaribia kumaliza kujikunja na kulegea. Msuli wa mkono unaweza kukazwa na kushikiliwa kwa dakika nzima, kwa sababu amri mpya huufikia kabla ya ile ya kwanza kwisha. Moyo hauwezi kufanya hivyo, na ungeweza ungetuua, maana moyo uliokazwa haujazi damu.

Seli huunganishwa ncha kwa ncha kwa vijia vidogo vya protini iitwayo koneksini, na chaji hupenya humo kutoka seli moja kwenda nyingine. Pigo huanzia katika fundo dogo lililo kwenye chumba cha juu cha kulia, ambalo Arthur Keith na Martin Flack walilieleza mwaka 1907. Seli za fundo hilo hazijui kupumzika. Zikishuka hadi milivolti 60 hivi chini ya sifuri, huanza kupanda zenyewe taratibu, kwa kuwa zina milango ambayo hufunguka utando unapokuwa hasi badala ya unapokuwa chanya, kinyume cha desturi ya milango mingine. Watafiti walioueleza mkondo huo mwaka 1979 walishangaa kiasi cha kuuita mkondo wa kuchekesha, na jina hilo limebaki hadi leo katika vitabu vizito. Kutoka hapo wimbi huenea vyumba vya juu, hufika kwenye fundo la pili lililo katikati, ambalo Sunao Tawara wa Japani alilifafanua mwaka 1906, na hapo hucheleweshwa kwa karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde ili vyumba vya juu vimalize kumimina damu chini. Baada ya kuchelewa huko hukimbia katika nyuzi za Purkinje, ambazo ni njia za kasi za kuusambaza umeme katika ventrikali, kwa mita 2 hadi 4 kwa sekunde, na ventrikali zote mbili hujikunja karibu kwa pamoja. Fundo la kwanza likinyamaza, la pili linaweza kushika usukani kwa mapigo 40 hadi 60 kwa dakika, na hilo nalo likishindwa, nyuzi za chini zina mwendo wake wa mapigo 20 hadi 40. Kifaa kinachotegemea nguzo na waya hakina akiba ya namna hiyo.

Kipimo cha ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, hupokea mwangwi wa haya yote kutoka juu ya ngozi, ambako umeme umefifia hadi milivolti moja hivi. Augustus Waller aliurekodi kwa binadamu mwaka 1887, na Willem Einthoven akaunda chombo kilichouonyesha vizuri, akatunukiwa Nobel mwaka 1924. Ila kipimo hicho huona umeme tu. Msuli wenyewe hakiuoni, na yupo mgonjwa ambaye mistari yake hupanda na kushuka kwenye karatasi ilhali mapigo hayashikiki popote mwilini.

Hapo ndipo ninapofika kwenye makala ya pili. Mshtuko wa moyo ni tatizo la bomba, kwa kuwa mshipa unaoulisha msuli wa moyo huziba na sehemu ya msuli hukosa damu. Mgonjwa wa namna hiyo mara nyingi yuko macho, analalamikia maumivu au mgandamizo kifuani, anatoka jasho, na mapigo yake yapo. Moyo kusimama ni jambo jingine kabisa, maana moyo huacha kusukuma damu, mtu hupoteza fahamu ndani ya sekunde chache na hapumui kama kawaida. La kwanza linaweza kuleta la pili, na njia yenyewe inapita katika zile pampu nilizozitaja. Msuli uliokosa oksijeni hupungukiwa ATP, potasiamu huanza kurundikana nje ya seli, utando hupanda kutoka mahali pake pa mapumziko, na milango ya sodiamu hubaki na vizibo kana kwamba pigo halijaisha. Eneo hilo hupitisha umeme polepole na kwa mkato, wimbi hurudi lilikotoka na kujizungusha, na ventrikali zinaweza kuanza kutetemeka ovyo badala ya kupiga. Lakini mshipa hauna lazima ya kuziba ili jambo hilo litokee. Kuna watu waliozaliwa na milango ya ioni yenye kasoro, ambao mishipa yao ya damu ni safi kabisa. Kuna wanaopigwa kifuani, kwa mfano na mpira mgumu, katika ule muda mfupi sana ambapo ventrikali zinarudi kwenye mapumziko. Kuna ambao potasiamu ya damu yao imepanda kwa sababu figo zimeshindwa kuitoa. Kiwango cha kawaida ni takribani milimoli 3.5 hadi 5 kwa lita, na kikizidi sana moyo hunyamaza. Wapasuaji wa moyo huutumia ukweli huohuo kwa manufaa, wakiingiza maji yenye potasiamu nyingi ili moyo utulie wanaposhona, kisha huyasafisha moyo ukaanza tena.

Na kuna dawa pia. Baadhi ya dawa huuziba mlango wa potasiamu unaohitajika kuushusha utando mwishoni mwa pigo, pigo likarefuka na moyo ukawa katika hatari ya kuvurugika. Dawa ya mzio iitwayo terfenadini iliondolewa katika soko la Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa sababu hiyo. Daktari anapomuuliza mgonjwa dawa zote anazotumia kabla ya kumwandikia nyingine, asionekane mdadisi.

Makala yako ilisema pia kwamba wahudumu walimshtua mgonjwa kwa umeme "ili kuuwasha moyo uliozimika". Mashine ya kushtua haiwashi chochote. Moyo unaotetemeka una umeme tele, isipokuwa umetawanyika, kila kipande kikifuata mwendo wake. Mshtuko wa umeme huziamsha seli karibu zote kwa wakati mmoja, zote zikaingia katika ule muda wa kutoamshika, na katika ukimya huo mfupi fundo la juu hupata nafasi ya kuanza upya. Claude Beck alifanikiwa kufanya hivyo kwa mara ya kwanza kwa binadamu mwaka 1947, juu ya mvulana wa miaka 14 aliyekuwa katika upasuaji. Pale ambapo mstari umenyooka kabisa, hali ambayo filamu hupenda kuionyesha pamoja na mashine hizo, mshtuko hauna cha kutuliza, na wahudumu hukandamiza kifua na kutoa adrenalini. Mashine za kisasa za umma huusoma umeme wenyewe kwanza, na mstari ukiwa umenyooka hazitoi mshtuko hata ukibonyeza kitufe.

Ninachoomba si kurasa nzima za fiziolojia. Naomba mwandishi akiandika "mshtuko wa moyo" awe anamaanisha mshipa ulioziba, na akiandika "moyo kusimama" awe anamaanisha moyo ulioacha kusukuma damu, na kama hajaambiwa na daktari ni lipi kati ya hayo mawili lililomuua marehemu, aandike tu kwamba alianguka na kufariki. Msomaji aliyeshuhudia mtu akianguka anahitaji kujua kama ampeleke hospitali akiwa amekaa, au aanze kumkandamiza kifua palepale huku mwingine akiita msaada, na tofauti hiyo imo katika maneno hayo mawili. Na ule mchoro wa moyo uliochomekwa plagi ukutani, ningeshukuru usitumike tena.

Wako,
Mwalimu wa fiziolojia